Mstaafu, Usingoje Mkeo Alazwe Ndipo Uulize Habari za Bima

CHUKUA mfano wa mzee aliyefanya kazi ya ofisi jijini miaka thelathini, akipanda basi nambari 46 kila alfajiri kutoka Kawangware. Siku ya kustaafu anapewa saa ya ukutani, anapigiwa makofi na kurudi nyumbani. Miezi michache baadaye mkewe analazwa. Mzee anatoa kitambulisho, na karani anamwambia kuwa mchango wake umekatika. Kosa liko wapi?

Kosa ni kudhani kuwa bima humfuata mtu nyumbani. Mshahara ukikoma, makato yaliyopelekwa na mwajiri hukoma pia, na bima ya ziada ya kazini aghalabu huishia hapo hapo.

Wazee wengi wanakumbuka NHIF iliyoanzishwa mwaka wa 1966. Miaka yake ya mwisho, mstaafu alilipa Sh500 kila mwezi. Tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), na utaratibu umebadilika. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha hupangiwa kiasi kisichopungua Sh300 kwa mwezi. Hata hivyo, hutakiwa kulipia mwaka mzima kwa mara moja, yaani Sh3,600 au zaidi.

Aliyejisajili tu hutibiwa kwa gharama ya serikali katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Kulazwa katika hospitali kubwa ndiko kunakodai mchango.

Basi ufanyeje, msomaji?

Kwanza, kiinua mgongo kikifika, tenga mchango wa mwaka kabla ya kununua mabati au kufungua duka. Piga *147# uhakikishe kuwa mwenzi wako na watoto wameandikwa.

Pili, fedha zikiwa haba, uliza kuhusu Lipa SHA Pole Pole, mpango wa mwaka 2025 unaokukopesha mchango huo ili uurejeshe kidogo kidogo.

Tatu, wewe ambaye ungali kazini, uliza kama chama chenu cha pensheni kina mfuko wa matibabu ya uzeeni. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa hadi Sh15,000 kwa mwezi katika mfuko huo hautozwi kodi.

Ugonjwa haubishi hodi. Wahenga walisema akiba haiozi.