Mito ya Uvira

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, ukishapita Kamanyola, Luvungi na Sange, joto la tambarare ya Ruzizi linakupokea: mashamba ya mpunga na muhogo, ng'ombe walioteremshwa kutoka milima ya Mulenge, kisha Ziwa Tanganyika linajitokeza. Umefika Uvira. Mji wenyewe ni mwembamba. Upande mmoja milima ya Mitumba imesimama kama ukuta, upande mwingine ni maji, na watu wamejipanga kwa urefu kuanzia Kavimvira, kwenye mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu kusini. Usiku taa za Bujumbura zinaonekana ng'ambo.

Wageni wengi huja kwa ajili ya ziwa. Lakini anayetaka kuujua mji huu na aanze na mito yake. Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inashuka milimani na kukatiza kati ya nyumba za watu, na kaskazini kuna mkubwa wao, Ruzizi.

Ruzizi uliwahi kuwasumbua vichwa wasomi wa Ulaya. Aprili 1858 wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Enzi hizo Uvira ndiyo ilikuwa mwisho wa safari za wafanyabiashara Waarabu na Waswahili upande wa kaskazini. Wafanyabiashara hao walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, uchungu uliobaki kizazi hadi kizazi. Burton alitaka kujua jambo moja: Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka kuelekea kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile. Wenyeji walimjibu bila kusita kwamba unaingia. Huko Ulaya ubishi haukuisha. Novemba 1871 Livingstone na Stanley, muda mfupi baada ya kukutana Ujiji, wakapiga makasia hadi mdomo wa Ruzizi, na wakaona kwa macho yao maji yakiingia ziwani. Ilichukua miaka 13 kuthibitisha jambo ambalo kila mvuvi wa Uvira alilijua tangu utoto. Inaniuma kuona vitabu vya shule bado vinaliita ugunduzi wa wageni, na waliotoa jibu la kwanza hawatajwi.

Maji ya Ruzizi yanatoka Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kushuka hadi Tanganyika, karibu mita 700 chini yake, kwa mwendo usiofika kilomita 120. Nguvu hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya Ruzizi, karibu na Bukavu. Tanganyika nayo, ndefu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani na yenye kina cha mita 1,470, ina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, kule Kalemie.

Wabelgiji waliacha alama zao: bandari ya Kalundu, kiwanda cha sukari cha Kiliba ambacho kilikuja kuzimika miaka ya 1990, na reli ya CEFAKI iliyofika Kamanyola, ambayo leo haipo tena. Kituo cha utafiti wa ziwa kipo bado. Wataalamu wake wanachunguza viumbe wa Tanganyika, ziwa lenye samaki wa aina nyingi zisizopatikana mahali pengine popote, na kazi hiyo imeendelea hata katika miaka ya bunduki.

Na bunduki zimelia sana hapa. Mei 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Oktoba 1996 vita vya waasi wa AFDL vikaanzia upande huu. Kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenye heri wamisionari Waksaveri watatu kutoka Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padre mzaliwa wa Kongo, Albert Joubert, wote waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi huo wa Simba. Ilipita miaka 60 hivi kabla Uvira haijawaombolezea wafu hao kwa sherehe.

Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 msiba ulitoka mtoni. Mvua ilinyesha milimani, Mulongwe ukafurika, ukashusha mawe na matope, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu. Ulikuwa umejengewa hadi kwenye mkondo wake, na juu yake miti imekatwa kwa ajili ya makaa na mashamba. Ziwa lenyewe nalo limepanda katika miaka iliyofuata, likaingia bandarini na katika nyumba za ufukweni. Huko nyuma pia, Lukuga ulipoziba kwa mchanga na majani, maji yalipanda kwa miaka mingi, hadi mto ulipojifungulia njia mwaka 1878. Kwa hiyo mtu wa Uvira ana haki ya kuuliza habari za mto wa Kalemie. Usalama wa nyumba yake unategemea pia kinachotokea huko.

Mwenye asubuhi moja tu aende ufukweni kabla jua halijawa kali. Wavuvi wanarudi na mitumbwi iliyofungwa pamoja, taa walizovutia samaki usiku zikiwa zimezimwa. Wanawake wanaingia majini hadi magotini na mabeseni kichwani, bei inapigwa palepale, ndagala (dagaa) wanamwagwa juu ya mchanga wakauke. Samaki waitwao mikebuka hawafiki mbali. Wananunuliwa wabichi, wanachomwa mchana huohuo, wanaliwa kwa bugali. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hawatoki sana, kwa sababu taa hazivuti samaki mwezi ukiwaka, kwa hiyo ulizia mwezi kabla hujapanga safari.