Jiwe la Ilesi Halikuletwa na Barafu

Hapa Turbo, magharibi mwa Eldoret, Wanandi, Waluhya, Wakikuyu na Waluo hukutana sokoni, na kila mmoja huja na masimulizi ya kwao. Hadithi ya Jiwe Linalolia la Ilesi ni mojawapo ya zile ambazo kila mtu hudai kuzijua. Kwa hiyo nilishangaa kumsikia kijana mmoja, msomi wa jiografia, akiwaeleza wenziwe kwa uhakika mkubwa kwamba jiwe lile lilisukumwa na barafu katika enzi za kale likaachwa pale lilipo, na kwamba hayo mengine yote ni porojo za wazee.

Sina ugomvi na jiografia. Ugomvi wangu ni na maelezo ya nchi nyingine yanayotwikwa mawe ya kwetu. Ni kweli kwamba kaskazini mwa Ulaya na Marekani mito ya barafu ilibeba majabali makubwa ikayatupa mbali na milima yaliyotoka. Watu wa huko nao waliyatungia ngano za majitu na mashetani, mpaka wataalamu kama Louis Agassiz, aliyechapisha kitabu chake juu ya barafu mwaka 1840, walipoanza kuaminiwa. Jiwe la Plymouth huko Massachusetts ni la namna hiyo. Wamarekani husimulia kwamba wahamiaji wa mwaka 1620 walilikanyaga waliposhuka chomboni, ilhali simulizi hiyo ilisikika hadharani mara ya kwanza mwaka 1741, kutoka kinywani mwa mzee wa miaka 94. Hata hivyo jiwe hilo limejengewa kibanda cha nguzo za fahari, wala hakuna aitaye habari zake porojo.

Kwetu barafu ilikaa milimani. J. W. Gregory alipoupanda Mlima Kenya mwaka 1893 aliona vifusi vilivyothibitisha kwamba barafu ya mlima huo zamani ilishuka chini zaidi kuliko alivyoikuta. Mlima Elgon, ambao siku ya anga safi huonekana kutoka upande huu wetu, nao uliwahi kuwa na barafu kileleni, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Lakini Ilesi iko kadiri ya mita 1,500 tu juu ya bahari. Hakuna mto wa barafu uliofika huko kulibeba jiwe hilo.

Basi jiwe lilitoka wapi? Halikutoka popote; lilizaliwa papo hapo. Uwanda wetu wa Uasin Gishu umefunikwa na mawe meusi ya volkeno, lakini ukishuka kuelekea Webuye na Kakamega unaingia katika nchi ya itale, jiwe gumu la madoadoa ambalo umri wake unazidi miaka bilioni mbili. Itale hupasuka kwa mistari ikiwa bado chini ya ardhi. Maji hupenya katika nyufa hizo, hula pembe za mawe pole pole, na kuyageuza mawe ya ndani kuwa mviringo. Mvua za miaka isiyohesabika huosha udongo uliolegea, na hatimaye mawe magumu hubaki wazi, moja juu ya jingine, kama yaliyopangwa kwa mkono. Ndivyo lilivyo jiwe la Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu kutoka Kakamega: nguzo kubwa yenye jabali juu yake, jumla mita zipatazo 40, mithili ya kichwa kilichoinama juu ya mabega yaliyochoka. Maji ya mvua hukusanyika juu, kisha huchuruzika katika mfereji ulio usoni. Wenyeji hulijua kwa jina la Ikhongo Murwi.

Na hapa pana jambo linalonifurahisha. Ilesi ni mahali pa wafinyanzi mashuhuri wa vyungu. Itale inapooza, sehemu yake hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi. Kazi ile ile ya maji inayolichonga jabali ndiyo inayomzalia mfinyanzi udongo wake. Sijawahi kumwona mtalii akielezwa hilo.

Ama kuhusu hadithi yenyewe, inasimuliwa kwamba msichana mmoja alimpenda mwanamume ambaye baba yake hakumtaka. Kwa adhabu aligeuzwa jiwe, naye angali analia hadi leo. Wageni huambiwa hayo kwa sentensi mbili, hupiga picha, huondoka. Lakini tujiulize ilikuwa ikiambiwa nani, na jioni gani, na binti aliyeisikia alielewa nini. Je, alionywa kumtii baba, au baba ndiye aliyeonywa?

Nauliza kwa sababu si jiwe hilo pekee. Ukivuka Kisumu ukashika njia ya Bondo utakuta Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyosimama kwa namna hiyo hiyo, na kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Mzee Ngeso, wasema wenyeji wa Seme, alilipenda jiwe hilo akawa anashinda pangoni mwake kutwa, mkewe akimpelekea chakula. Alipoulizwa mumewe yuko wapi, mama huyo alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Huko binti aliyenyimwa mume, huku mke aliyenyimwa nafasi yake. Jamii mbili zenye lugha zisizo na undugu ziliyatazama mawe ya aina moja zikaona ndani yake malalamiko ya wanawake. Msomi wetu kijana, kwa kuyaleta mawe hayo kwa barafu, ameyapoteza mambo mawili kwa mpigo: sayansi ya kweli ya itale, na sauti hizo.

Kisha kuna nyundo. Katika milima ya Maragoli na kwingineko magharibi mwa Kenya majabali hupasuliwa kila siku kuwa kokoto za kujengea. Siwalaumu wapasuaji, mtu hula anapopata. Ila jabali lisilo na msimulizi huwa la kwanza kupigwa nyundo.

Walimu wa shule zetu za Turbo huwapeleka wanafunzi ziarani Kakamega na Kisumu. Ningewaomba wasimame Ilesi kwa saa nzima badala ya dakika kumi, waeleze jinsi itale inavyooza, kisha wawatafute akina mama wafinyanzi na kuwauliza hadithi ya binti yule kwa ukamilifu. Wanafunzi na waje na madaftari, waiandike kwa Kiisukha kwanza, Kiswahili kifuate.