Tanzia ya Askari Katika Uwanja wa Kale

Huko Epidaurus, nchini Ugiriki, upo uwanja wa maigizo uliojengwa kwa mawe ubavuni mwa kilima, yapata miaka 2,300 iliyopita. Hauna paa. Safu zake 55 za viti zimeuzunguka uwanja wa mviringo, na sauti ya mwigizaji huwafikia hata walioketi juu. Kwa karne nyingi ulifunikwa na udongo, hadi ulipoanza kufukuliwa mwaka 1881. Mwaka 1938 tamthilia ya Sophocles, "Electra", iliigizwa humo, na tangu miaka ya 1950 tamasha hufanyika wakati wa kiangazi.

Miongoni mwa tanzia, yaani tamthilia za huzuni, zilizochezwa hapo ni "Waajemi" ya Aeschylus. Mtunzi huyu alikuwa askari, naye alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490 K.K. Miaka 10 baadaye Waajemi walishindwa tena, safari hii baharini, huko Salamis.

Mwaka 472 K.K. tamthilia hiyo ilionyeshwa kwanza mjini Athens, mbele ya washindi wenyewe. Aeschylus hakuwaleta jukwaani mashujaa wa kwao wakijigamba. Alimleta Malkia wa Uajemi, mama wa mfalme Xerxes, pamoja na wazee, wakingoja habari za vijana wao. Mjumbe anafika na kuwataja waliokufa.

Julai 2020 iliigizwa Epidaurus na kuonyeshwa papo hapo ulimwenguni kwa intaneti. Jamaa za askari, popote walipo, wanakujua kungoja huko. Aeschylus aliufurahia ushindi wa nchi yake, lakini hakusahau kwamba adui naye ana mama.