Lori la zamani limepakwa rangi, breki zimekazwa?

Lori la zamani likishafumuliwa injini, likanyooshwa bodi na kupigwa rangi, mwenye mzigo huliamini haraka, hasa nauli yake ikiwa nafuu. Lakini rangi haisimamishi lori mlimani.

Malori ya rika la Scania 111, iliyoundwa Sweden miaka ya 1970, hutumia breki za upepo zenye dramu, na slaki ajasta zake hukazwa kwa mkono. Kadiri laini zinavyolika, nafasi kati yake na dramu huongezeka. Malori mengi ya kisasa hujirekebisha yenyewe. La zamani humsubiri fundi.

Hatari ni kwamba dereva anaweza asijue. Breki za mafuta zikilegea, pedali huzama. Za upepo hazitoi dalili hiyo, na kwenye tambarare lori husimama kama kawaida. Likitoka Tunduma kwenda Dar es Salaam likaanza kuteremka Kitonga, au likitoka Malaba kwenda Mombasa likashuka Salgaa, dramu hupata moto na kutanuka, zikajitenga na laini. Fimbo ya chemba hufika mwisho wa mwendo wake, na kukanyaga zaidi hakusaidii.

Kukaza hakuhitaji mashine kubwa. Lori huegeshwa tambarare, dramu zikiwa zimepoa, tairi zimewekewa vigingi, upepo umejaa na breki ya kuegeshea imeachiwa. Fundi huzungusha slaki kwa spana mpaka laini ziguse dramu, kisha huirudisha kati ya robo na nusu ya mzunguko. Hufanya hivyo tairi kwa tairi, kwa sababu upande mmoja ukibana kuliko mwingine, lori huvutwa upande. Halafu msaidizi hukanyaga pedali, fundi akiangalia fimbo inavyotoka kwenye chemba. Ikizidi kutoka ndefu baada ya kukazwa, kuna kilichokwisha ndani: laini, dramu au bushi. Kukaza tena ni kuficha ugonjwa.

Mizani ya barabarani hupima uzito, haipimi breki. Kwa hiyo, mfanyabiashara, kabla ya kupakia muulize dereva slaki zilikazwa lini na nani, na umwombe akuonyeshe. Anayejali lori lake hatachukia swali hilo. Lori likianguka, wa kwanza kuumia ni yeye na utingo wake; nawe uliyenunua vitunguu kwa mkopo, mzigo ukimwagika deni hubaki.