Maji Machungu ya Alfajiri

Nilipoolewa Singida, zawadi ya kwanza niliyopewa na mama mkwe haikuwa kanga wala sufuria. Alinipa tembe mweusi, kishingo, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. "Huyu wako, mwanangu," akasema. "Ng'ombe ni wa wanaume. Kuku ni wa kwako." Mimi mtoto wa Dar es Salaam kuku nilimjua akiwa ndani ya tenga pale Shekilango, au akiwa kwenye mchuzi. Sikujua kwamba pamoja na yule tembe nilikuwa nakabidhiwa kazi ya kuamka saa kumi na moja alfajiri.

Kuku wa Singida wana jina. Hupakiwa kwenye matenga, hupandishwa juu ya malori pamoja na vitunguu na alizeti, wakaliwa mjini na watu wasiowahi kufika Ikungi wala Iramba. Ila huko wanakotoka, mwenye kuku kwa kawaida ni mama wa nyumba na watoto wake. Daftari la shule, chumvi, nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, vyote hutoka kwenye kuku. Mwanamume anapewa firigisi mezani na heshima yake inabaki palepale, lakini ni nani auzwe na nani aachwe atamie, hilo haulizwi yeye.

Mchana kuku wanazurura wakijitafutia. Usiku wanalala kwenye kibanda cha udongo kilichoegemea jiko. Duka la dawa za mifugo liko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumpita bei kuku mwenyewe unayemtafutia dawa. Ndiyo maana dawa zimepandwa uani.

Shubiri za mama mkwe zimeota nyuma ya jiko, karibu na anapomwaga majivu. Jioni huenda na kisu. Hukata jani la chini kabisa, lile nene lililoanza kuinama. La katikati haligusi, anasema ukilikata hilo umeuchoma mmea moyo. Hulisimamisha ndani ya kopo, upande uliokatwa ukiwa chini, na ule utomvu wa njano huchuruzika taratibu kama asali isiyotaka kutoka. Akimaliza kupika ugali hurudi, analipasua jani, analikatakata kama bamia, analitia kwenye ndoo ya maji pamoja na utomvu wake. Maji yanalala. Alfajiri yameshakuwa na rangi ya chai ya rangi, na povu jembamba ukingoni. Siku moja niliyaonja kwa ncha ya ulimi. Uchungu ule nilikuwa nao mpaka adhuhuri.

Huyamimina kwenye tairi bovu lililopasuliwa katikati, ndipo anafungua kibanda. Hakuna maji mengine uani mpaka jua lipande. Jogoo hufika kwanza, huchovya mdomo, hutikisa kichwa, huufuta mdomo ardhini huku na huku, hurudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyetukanwa. Halafu hurudi kunywa, maana hana pa kwenda.

Kwa miaka miwili ya mwanzo niliamini dawa ni yale maji. Nilikuwa nayatazama maji, wakati mama alikuwa akitazama kuku. Hukaa kwenye kigoda chake, mtandio begani, kimya, na anachokifanya ni kuwahesabu wanaokuja. Nani hakuja kunywa. Nani amekuja akiburuta bawa. Kifaranga gani amegandwa na kinyesi cheupe kama chokaa chini ya mkia, nani ameacha tone la damu kwenye kinyesi chake. Kiu ya asubuhi huwaleta wote mahali pamoja, mara moja, mbele ya macho ya mtu mmoja. Siku nzima inayofuata watakuwa wametawanyika kwenye mashamba ya mtama na hutawaona tena mpaka magharibi. Kuku anayeumwa mchana hujificha kichakani, alfajiri hawezi.

Aliyeonekana na kasoro anafunikwa kwa tenga, peke yake. Kwa mafua, yule anayekoroma na kutoa makamasi, hupondwa pilipili kichaa kidogo na kitunguu saumu, vikatiwa kwenye maji ya kunywa. Akitokwa na vidonda vya ndui kwenye upanga na kope, hupakwa samli ili magamba yalainike jicho lisizibe, na mama husema wazi kwamba hiyo samli haiponyi ndui. Inamsaidia kuku aone chakula mpaka ndui imalize siku zake. Nilipenda ukweli ule. Mbegu za papai huanikwa, hutwangwa, huchanganywa na pumba kwa ajili ya minyoo.

Penye utaalamu hasa ni kwenye kiota. Kuku anayetamia hukaa siku 21 mahali pamoja, na utitiri hulijua hilo kuliko mfugaji. Kabla ya kumweka, mama hutoa nyasi zote za zamani na kuzichoma, humwaga majivu makavu, hutandika majani mabichi ya mwarobaini na jani moja la tumbaku, juu yake nyasi mpya, ndipo mayai. Katikati ya mayai hulaza kipande cha mkaa. Nikamuuliza mkaa ni wa nini. Akasema ni wa radi, ngurumo zisiharibu mayai. Nikacheka. Akanitazama, akasema, "Basi wewe kiota chako usiweke." Nikaweka.

Hapa nikatize kidogo. Tunapenda kuziita hizi "dawa za asili", na wauzaji mjini wameandika hivyo kwenye chupa zao kwa herufi kubwa. Lakini mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Mpapai, pilipili na tumbaku vilitoka Amerika, ng'ambo ya bahari mbili. Bibi zetu walipokea mimea ya wageni, wakaijaribu kwa kuku wao, iliyofaa ikabaki uani na jina ikapewa. Hii nayo ni mila: kujaribu. Anayesema mila ni kukataa kipya hajakaa na mfugaji wa kuku.

Sasa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo ndio unaofagia kibanda. Hupenda kuja miezi ya kiangazi, mavuno yameshaingia ndani na pepo zinavuma, na ndiyo maana watu husema unaletwa na upepo. Kuku anasinzia amesimama, anaharisha kijani, wengine shingo zinapinda mpaka wanatazama migongo yao. Jumatatu una kuku thelathini, Ijumaa unahesabu manyoya. Ugonjwa huu wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza baada ya milipuko ya mwaka 1926, huko Java na kwenye mji wa Newcastle, Uingereza, ambao ndio ulioupa ugonjwa jina lake kwenye vitabu. Bibi zetu walikuta ugonjwa, wakaufanyia kama walivyofanyia mengine: pilipili, limau, shubiri, chochote kikali.

Haikusaidia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichapisha matokeo ya kuupima mchanganyiko wa kienyeji wa pilipili, limau na dungusi kakati dhidi ya mdondo, na mchanganyiko haukuwakinga kuku. Mama hajausoma utafiti huo, ila aliwahi kupoteza kuku wote isipokuwa koo mmoja na pora wawili, huku maji ya pilipili yamejaa kwenye tairi. Hilo lilimtosha.

Kilichowaponya wale watatu ni kwamba walikuwa kwa jirani, wamefungwa. Tangu hapo ana sheria yake kuhusu kuku wa zawadi, na huko kwetu kuku wa zawadi hawaishi: mgeni haondoki mikono mitupu, na wewe ukienda kutembea hurudi mikono mitupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini kwa kuku mgeni huja mwenyeji akafa. Wengi wakiona dalili za kwanza hukimbiza kuku mnadani wauze kabla hawajafa, na hivyo kijiji kimoja hukisambazia kingine msiba kwa bei poa. Yeye kuku yeyote anayeingia humfunga kamba mguuni chini ya mlonge, upande wa pili wa ua, na maji yake mwenyewe, mpaka wiki mbili zipite. Methali ya kuku mgeni na kamba yake mguuni niliisoma shuleni nikidhani inahusu watu.

Mchanjaji alipoanza kupita kijijini na kichupa cha chanjo ya I-2, ambayo haidai barafu kama zile za zamani, wanaume walijadili sana. Wanawake waliuliza swali moja: kila baada ya muda gani? Miezi mitatu, tone moja kwenye jicho moja, mkubwa kwa mdogo, wote, na aliyekwisha kuugua haimsaidii. Kwa mtu aliyezoea kutia dawa kuku wakiwa bado wazima, hapakuwa na la kuelezwa zaidi. Kazi hufanyika gizani, kibanda hakijafunguliwa. Watoto wanawakamata na kuwapitisha mmoja mmoja, tochi mdomoni, na mama anawashika kichwa kwa vidole viwili mpaka jicho lipepese na tone lipotee.

Mjini nimeyaona maji ya shubiri kwenye chupa ya lita, rangi ileile, yameandikwa kwamba yanatibu mdondo, ndui, kuhara na ukosefu wa mayai. Jirani yangu alinunua, akawaachia kuku kwenye ndoo, akaenda kazini saa kumi na mbili. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo hivyo, nikakuta jioni wawili wamekauka nyuma ya pipa.

Mara ya mwisho nilipokwenda kijijini ilikuwa siku ya chanjo. Mchanjaji, kijana wa palepale, alimaliza kundi zima, akanawa, akaliona tairi limejaa maji ya njano.

"Mama, na hii bado unawapa?"

"Ya kwako ni ya mdondo," akamjibu, akivuta kigoda. "Hebu nipishe, unanizibia."