Kisumu Niliyoiacha na Kisumu Niliyoikuta

Mtu arudipo katika mji alimolelewa, kwa kawaida huenda akitafuta vitu viwili: majengo na nyuso. Asipoviona hunung'unika, akasema kwamba mji umekufa. Lakini mji si nyumba ya mtu mmoja. Mji ni kazi ya watu wengi waliokutana mahali pamoja, na kazi ikibadilika, hapana budi mji nao ubadilike. Basi kabla ya kuuombolezea, yampasa mtu aulize kwanza ni kazi gani iliyouanzisha, na ni kazi gani inayoulisha leo.

Mimi nililelewa Kisumu, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa marehemu baba alikuwa karani wa stesheni. Niliondoka mwaka 1978 kwenda kutafuta kazi, nisirudi ila baada ya miaka arobaini na mitano. Safari yenyewe ilikuwa na shauri la nyumbani. Baba alituachia kiwanja kidogo huko, na ndugu zangu walitaka nikakitazame, niwape neno: kiuzwe, au kiwekwe? Shauri kama hilo halikatwi kwa huzuni wala kwa hamu ya utoto, bali kwa kuujua mji ulivyo.

Wasomaji wengi wajua kwamba Kisumu iliyo katika ramani ni mtoto wa reli. Njia ya gari la moshi ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, mwendo wa maili 580 hivi. Wenye kuijenga walipaita mahali hapo Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda, hata mwaka 1902 ilipotiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Meli nazo ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa na kuunganishwa upya Kisumu. Ya kwanza, William Mackinnon, ilishushwa majini mwaka 1900, hata kabla reli haijafika.

Katika utoto wetu meli zilikuwa saa na kalenda yetu. Honi ikilia, kila mtoto alijua ni meli gani, na kama imetoka Mwanza au Port Bell. Victoria ilianza safari mwaka 1961, nyeupe na yenye fahari. Kisha zikaja ndugu wawili, Uhuru na Umoja, ambazo zilibeba mabehewa ya gari la moshi juu ya sitaha zake. Sisi watoto tulisimama karibu na uzio wa bandari tukihesabu mabehewa yaliyomezwa na meli, kana kwamba ni mali yetu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mali zake zikagawanywa. Umoja na Victoria zikawa za Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Biashara ya ziwani ikapungua, na makuli, mabaharia na makarani wengi wakakosa kazi. Tena njia kuu ya reli ilikuwa imekwisha kuipita Kisumu zamani: tangu mwaka 1931 gari la moshi liliweza kwenda Kampala moja kwa moja kwa njia ya Eldoret. Kwa hiyo mji uliokuwa mwisho wa safari uligeuka kuwa tawi la njia, na bandari yake ikakaa kimya miaka mingi.

Niliporudi, nilianza na mnara wa saa katikati ya mji, ule uliojengwa na watoto wa Kassim Lakha kwa ukumbusho wa baba yao, ukafunguliwa mwaka 1938. Huo niliukuta mahali pake. Lakini nyumba tuliyokaa sikuiona, na mwembe uliokuwa mbele yake haukuwapo hata kisiki. Majirani wa zamani walikuwa wamehama au wamefariki. Nilisimama hapo kwa kitambo, kisha nikashuka kwenda ufukoni Dunga.

Ziwa nalo lilikuwa na habari zake. Nakumbuka mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, maji yalipopanda mwaka baada ya mwaka hata 1964, yakameza mashamba na njia za pwani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likapita alama ya siku zile. Samaki wamebadilika pia. Ngege, tuliyemla kila Jumapili, ameadimika mno. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alizidi sana tangu miaka ya 1980, akala samaki wengi wadogo. Akaleta fedha kwa wenye viwanda na mashua kubwa, lakini kwa mvuvi mwenye mtumbwi na nyavu chache mambo yakawa magumu. Kisha katika miaka ya 1990 likaja gugu maji, likafunga ghuba kama shamba la majani, hata mashua zikashindwa kutoka. Mwaka 1997 waliletwa wadudu wa jamii ya fukusi walao gugu hilo, na likapungua, ijapokuwa limekuwa likirudi mara kwa mara.

Pale Dunga nilimkuta mzee mmoja aliyepata kuwa kuli wa bandari. Nilipomwamkia na kumtajia jina la baba, alinitazama sana, kisha akasema, "Kumbe wewe ndiye mtoto wa Karani! Karibu nyumbani, mdogo wangu."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, meli zilipokwisha mliishije?"

Akacheka kidogo. "Kila anayerudi huniulizia meli. Wewe umeuliza vizuri, umeuliza habari za watu. Sisi wanaume tulikaa tukingoja honi ilie. Wake zetu hawakungoja. Walinunua omena hapa alfajiri, wakawaanika, wakawapeleka Kibuye. Wakarudi na mahindi, na sabuni, na karo ya shule. Watoto wangu wanne wamesomeshwa na omena, si na bandari."

Jumapili nikaenda Kibuye nijionee mwenyewe. Soko lile ni kubwa ajabu. Niliona mtama na maharagwe, ndizi za kutoka Kisii, vyungu, mitumba, kuku, vitanda, na mafungu ya omena yang'aayo kama fedha. Watu walinadi kwa Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili. Hapo nikakumbuka masimulizi ya wazee wa Kijaluo kuhusu asili ya jina la Kisumu: kwamba latokana na neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Penye njaa, mtu alichukua alicho nacho, akaenda hapo, akarudi na nafaka. Jina la Port Florence lilidumu muda mfupi tu. Jina la wenye kubadilishana chakula lilikuwako kabla yake, nalo ndilo lililobaki.

Yako pia mambo yaliyorudi. Uhuru ilitengenezwa, ikaanza tena safari mwaka 2019, na Desemba 2021 gari la moshi la abiria likafika tena Kisumu kutoka Nairobi. Ni habari njema. Lakini ni wazi kwangu kwamba mji haukulala ukizingoja. Katika miaka yote ya ukimya, kina mama wa soko waliendelea kuulisha, na mwaka 2001 ulipotimiza miaka mia ulipewa heshima ya kuitwa jiji.

Basi niliwaandikia ndugu zangu kwamba kiwanja kisiuzwe. Sikuwaandikia kwa ajili ya kumbukumbu za mwembe, bali kwa sababu mahali ambapo watu wamekutana kubadilishana chakula tangu kabla ya reli, tena baada ya meli kukoma, hapawezi kukosa faida kwa wajukuu zetu. Nao wakakubali.

Nawe msomaji, ukipata nafasi ya kwenda ulikozaliwa, usitazame majengo peke yake. Waamkie wazee, waulize waliishije wakati wa shida, na uyaandike majibu yao pamoja na miaka yake, maana wakiondoka wataondoka nayo. Kisha nenda sokoni asubuhi na mapema. Huko ndiko utakakoona kama mji wako u hai.