Kurasa za Nyuma za Daftari

Ukitaka kujua ni nani mchoraji katika darasa, usimwulize mwalimu. Chukua madaftari ya hesabu ya watoto wa Mwingi au wa Wote, uyafungue kutoka nyuma. Huko ndiko wanakoishi mbuzi wenye miguu sita, matatu zinazoruka mto, na mwalimu mkuu mwenye masikio ya punda. Ni kurasa zilizowaponza watoto wengi, maana mzazi akikuta karatasi aliyoinunua kwa jasho imejaa mbuzi, husema mtoto huyu anacheza tu.

Naam, anacheza. Lakini wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na katika kuchora lele yenyewe ni mchezo huo.

Mtazame Kivuthi Mbuno. Alizaliwa Mwingi mwaka 1947, na chombo chake cha kwanza cha kazi hakikuwa kalamu bali sufuria. Alikuwa mpishi wa safari, akiwapikia Wazungu waliokwenda mbugani Kenya na Tanzania. Hakupitia chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1976, akiwa mtu mzima wa karibu miaka thelathini, akaanza kuchora kwa wino na penseli za rangi. Picha zake zina wanyama wengi, na watu wembamba warefu wanaotembea nao katika nchi kavu ambayo Mkamba yeyote ataitambua. Zikavuka bahari, zikaingia katika mkusanyo wa sanaa ya Afrika wa tajiri Jean Pigozzi, zikatazamwa na watu ambao hawawezi kuonyesha Mwingi kwenye ramani.

Je, mpishi huyo alijifunzia wapi? Mtu anayekaa porini miaka mingi, akingojea maji yachemke, hujua jinsi twiga anavyoinama kunywa maji na jinsi fisi anavyogeuza shingo. Jicho lake lilikwisha kusoma kabla mkono haujaanza kuandika. Sisi wengine, ambao hatukukaa porini, tunaweza kulifundisha jicho kwa daftari la picha, kidogo kidogo, kila siku.

Tena jambo hili si geni Ukambani. Kibuyu cha zamani kilikuwa ukurasa. Mtu alikichora kwa ncha ya chuma, akapaka masizi na mafuta ili mistari ionekane, na humo akaweka nyota, nyoka, mjusi, au alama aliyoijua mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama wa kikundi cha Kyanika, huko Kitui, walianza kukusanya mbegu za vibuyu vya aina nyingi pamoja na majina na habari zake, ili visipotee. Msusi wa kiondo naye hufanya jaribio kila anapobadili uzi wa rangi: mstari ukimpendeza huurudia, usipompendeza huugeuza kabla hajafika ukingoni.

Hata hivyo, upo ufundi mmoja wetu ambao umeusahau mchezo. Mutisya Munge wa Wamunyu, ng'ambo ya mpaka huko Machakos, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akiwa amejifunza kuchonga, na kutoka kwake uchongaji ukaenea Ukambani pote. Umelisha nyumba nyingi, na hapana haja ya kuudharau. Lakini mchongaji anayelipwa kwa kila swala hachongi kitu kingine ila swala, na swala wa leo ni pacha wa swala wa juzi. Tena mti wa muhugu umekuwa adimu. Nani atathubutu kuuchezea? Karatasi ndiyo ya kuchezea. Kosa la kwenye daftari halimkatishi mtu chakula cha jioni.

Basi mtu aanzeje? Daftari la kawaida la shule latosha, na kalamu ya wino. Raba iachwe nyumbani, kwa sababu anayefuta kila mstari hachori, anaogopa. Dakika kumi kwa siku zatosha pia, mradi zisikose. Chora mbuzi kutoka puani hadi mkiani bila kunyanyua kalamu. Kesho mchore tena ukimtazama yeye tu, bila kuangalia karatasi kamwe. Atatoka kioja, lakini mgongo wake utakuwa mgongo wa mbuzi kweli. Siku nyingine tumia mkono wa kushoto. Chai ikimwagika kwenye ukurasa, usiutupe; tafuta ni mnyama gani aliyejificha katika doa hilo.

Watoto watatu wanaweza kukunja karatasi moja: wa kwanza achore kichwa akifiche, wa pili kiwiliwili, wa tatu miguu, kisha waikunjue. Wasanii wa Paris walicheza mchezo huu miaka ya 1920, nao walikuwa watu wazima wenye majina makubwa.

Rangi nazo zipo chini ya miguu yetu. Udongo mwekundu wa Makueni, ukichekechwa kwa kitambaa na kukorogwa na maji na gundi kidogo ya mgunga, hutoa rangi nzuri sana. Rangi za maji zinazouzwa madukani zimekuwa zikishikanishwa kwa gundi ya namna hiyo hiyo. Mkaa wa jikoni utakupa weusi.

Shule ziliwahi kulijali jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi lilikuwa somo la mtihani. Baadaye likaondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na kwa desturi yetu somo lisilo na mtihani huliwa na hesabu. Mtaala mpya, ulioanza nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, umezirudisha sanaa darasani. Ni vema, ila nina hofu moja: mara nyingine kazi ya mtoto hufanywa na mama yake usiku, ikapelekwa shuleni asubuhi ipate alama. Huo si mchezo wa mtoto tena.

Kwa hiyo, mzazi wa Kitui au Makueni, mwanao akichora nyuma ya daftari la hesabu, mnunulie daftari la pili, hata liwe jembamba. Usilisahihishe. Mwambie tu asichane ukurasa hata ukimchukiza, na aandike tarehe pembeni. Mbuyu wa Kibwezi aliouchora Septemba hauna hata jani moja. Akirudi chini yake Desemba, mvua zikiwa zimenyesha, ataukuta umevaa, na atakuwa na picha mbili za kulinganisha.